Kutunza na Kutengeneza Monita ya Tyubu ya Kitaalamu: Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu monita za kitaalamu za tyubu ya kioo (CRT) karibu yote ni yale yale: je, nikiifungua nitapigwa na umeme, je, nibadilishe kapasita zote (vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme), mbona kuna mstari mwembamba unaokatiza picha, mbona picha yote ni ya kijani. Nimeona afadhali niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe mezani, ili anayeanza asiokote jibu hapa na jibu pale kisha akayaunganisha vibaya mbele ya mashine yenye maelfu ya volti.

Mfano wangu ni monita za video za kitaalamu za Sony ziitwazo PVM, za mfululizo wa M, za inchi 14 na inchi 20, zilizotumika sana studio katika miaka ya 1990. Zenye alama ya M2 huonyesha mistari ipatayo 600 ya upambanuzi, na zenye alama ya M4 mistari ipatayo 800. Ukiipata moja Afrika Mashariki, yaelekea imetoka katika chumba cha kuhariria video, gari la kurushia matangazo au chumba cha upasuaji, na imefanya kazi kutwa kwa miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwako. Taratibu hizi zinafaa pia kwa BVM, yaani monita za Sony za vituo vya utangazaji, na kwa monita za JVC na Ikegami, ila mpangilio wa bodi hutofautiana.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: pima kabla ya kubadilisha chochote. Nyingi ya monita zilizoletwa kwangu zikiwa zimekufa kabisa hazikuuawa na uzee, bali na mtu aliyezing'oa kapasita mia moja kwa siku mbili bila kujua kosa lilikuwa wapi, akarudisha tatu kinyume, akapasua njia za shaba kwenye bodi, na kosa la awali likabaki palepale.

Hatari ambazo lazima uzijue

Ndani ya monita kuna sehemu mbili zinazoshika umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Ya kwanza ni tyubu yenyewe, ambayo kioo chake hufanya kazi kama kapasita kubwa na huweza kubaki na volti 20,000 au zaidi kwenye anodi, yaani pale waya wa volti kubwa unapoingia ubavuni mwa tyubu chini ya kofia ya mpira. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kapasita kuu ya bodi ya umeme: kwa umeme wetu wa volti 240 kapasita hiyo hujaa hadi karibu volti 340 za mkondo mnyoofu, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu iko upande ambao mikono hupita mara kwa mara na haina kofia ya mpira ya kukukumbusha.

Hatari ya tatu ni shingo ya tyubu. Kioo cha hapo ni chembamba, na ndani ya tyubu hamna hewa. Pigo dogo la bisibisi likipasua shingo, hewa huingia, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Usibebe monita wala tyubu kwa kushika shingo, na unapovuta bodi iliyochomekwa nyuma yake, vuta moja kwa moja bila kuitikisa pembeni.

Usifanye kazi hii peke yako nyumbani, usifanye ukiwa umechoka, na vua pete, saa na bangili. Ikiwa hatua ya kutoa chaji inakutia hofu hata baada ya kuisoma mara mbili, fanya hatua nne za kwanza tu, ambazo hazihitaji kufungua chochote, kisha mpe fundi wa televisheni anayezijua tyubu. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta kwanza mwongozo wa ufundi wa modeli yako kamili, pamoja na herufi ya mwisho ya jina, kwa sababu monita mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa na bodi tofauti. Halafu andaa:

- multimita nzuri inayopima volti 1,000 za mkondo mnyoofu, na ukiweza, kipimo cha ESR (ukinzani wa ndani) cha kapasita;
- bisibisi ndefu bapa yenye mpini wa plastiki usio na ufa, na waya mnene wenye vibanio pande zote mbili;
- rezista ya ohm 2,200 yenye uwezo wa wati 10, iliyofungiwa nyaya mbili zilizovikwa vizuri;
- pasi ya kulehemu inayodhibiti joto, waya wa lehemu wa bati na risasi wa 60/40, pampu ya kunyonyea lehemu na utambi wa shaba;
- isopropili (alkoholi ya kusafishia), brashi laini, blowa, kitambaa laini na mafuta mazito ya silikoni;
- taa ya balbu ya uzi (ya zamani, si LED) ya wati 100 iliyofungwa mfuatano na soketi ya majaribio;
- chanzo cha picha za majaribio, yaani pau za rangi, gridi nyeupe na kioo cheupe kitupu;
- simu ya kupigia picha kila kitu kabla ya kukigusa.

Hatua za kazi

1. Soma bati la nyuma kabla ya kuchomeka umeme. Monita zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huweza kuwa za volti 120 pekee, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi utaua bodi ya umeme katika sekunde ya kwanza. Ikiwa bati linasema volti 100 hadi 240, huna haja ya transfoma, lakini stabilaiza ni muhimu mahali ambapo umeme hupanda na kushuka. Tumia plagi yenye waya wa ardhi unaofanya kazi kweli.

2. Chunguza nyaya za ishara kabla ya kuishuku monita. Hatua hii peke yake humaliza sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia. Monita hizi hupokea ishara kupitia konekta za BNC (za duara, zinazofungwa kwa kuzungusha), na kila laini inapaswa kuishia kwenye rezista ya ohm 75 mara moja tu. Ikiwa laini haikufungiwa ohm 75 popote, ishara huja na nguvu maradufu, na picha huwa nyeupe kupita kiasi na kupinda kwa juu. Ikifungiwa mara mbili, kwa mfano kwenye monita mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, ishara hushuka hadi theluthi mbili ya inayotakiwa na picha hufifia. Modeli nyingi za Sony hujifungia zenyewe usipochomeka kitu kwenye tundu la kutolea, lakini za zamani zina swichi ndogo nyuma ambayo lazima uiweke mwenyewe.

Picha ya kijani tupu, nayo, karibu kila mara ni ishara ya Y, Pb na Pr (mwangaza na tofauti mbili za rangi) iliyoingizwa wakati monita imewekwa kupokea RGB (nyekundu, kijani na buluu). Badilisha chaguo hilo kwenye menyu. Picha inayokimbia bila kutulia huku ukitumia RGB inamaanisha kuwa monita haipati ishara ya usawazishaji: ama hukuchomeka waya wake kwenye EXT SYNC, ama umeuchomeka lakini hukubonyeza kitufe cha kuichagua. Kumbuka pia kuwa monita za M2 na M4 husoma mistari yapata 15,625 kwa sekunde katika PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya) na 15,734 katika NTSC (wa Marekani na Japani), kwa hiyo kompyuta inayotoa VGA ya kawaida, ambayo ni mara mbili ya hapo, haitaonekana kamwe. Usiilazimishe.

3. Iache iwake nusu saa, kisha ondoa usumaku. Rangi na ukubwa wa picha hubadilika kadiri tyubu inavyopata joto, na marekebisho yoyote yanayofanywa katika dakika tano za kwanza ni kazi bure. Weka kioo cheupe kitupu na utazame pembe. Ukiona waa la waridi au la kijani, bonyeza DEGAUSS mara moja. Subiri angalau dakika kumi kabla ya kubonyeza tena, kwa sababu kifaa kinachodhibiti mkondo wa koili ya kuondoa usumaku lazima kipoe kwanza, na kubonyeza mfululizo hakuongezi chochote.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa ukanda huu tunapaswa kulijua. Tyubu ilipangwa kiwandani kwa kuzingatia uga wa sumaku wa sehemu ya dunia ilikokusudiwa kutumika. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, hivyo Kenya na Tanzania ziko upande wa kusini wake, na monita iliyopangwa kwa ajili ya Ulaya au Japani hukuta huku mvuto wa wima ulio kinyume na ule wa nyumbani kwake. Mvuto huo huisogeza miale ya elektroni pembeni kidogo, na waa hafifu la rangi huweza kubaki hata baada ya kuondoa usumaku. Mvuto wa mlalo, kwa upande wake, huigeuza picha nzima ikainama kidogo, na mwinamo hubadilika ukiigeuza monita kutoka kuelekea kaskazini hadi kuelekea mashariki. Kwa hiyo iweke kwanza mahali itakapokaa daima, mbali na spika, ndipo urekebishe.

Mstari mwembamba wa mlalo, mmoja au miwili kulingana na ukubwa wa tyubu, unaoonekana kama unywele kwenye picha nyeupe, si kosa. Tyubu ya Trinitron, iliyomo katika monita hizi za Sony, ina wavu wa nyuzi za wima zilizovutwa kwa nguvu, na uzi wa mlalo umewekwa kuzizuia zisitetemeke. Huo ni kivuli chake, na hauondoki.

4. Panga picha kwa vitufe vya mbele. Tumia pau za rangi zenye vipande vya weusi. Punguza mwangaza hadi kipande kilicho chini ya weusi kipotee, na kile kilicho juu kidogo ya weusi kionekane kwa shida. Kisha bonyeza BLUE ONLY, ambayo huacha buluu pekee ionekane, na uongeze au upunguze kiwango cha rangi hadi pau za saiani, majenta na buluu zilingane kwa mwangaza. Ukitumia pau za Ulaya ambazo nyeupe yake ni ya asilimia 100 na rangi nyingine ni 75, usiihesabu nyeupe katika ulinganisho huo, la sivyo utazidisha rangi. Kitufe cha PHASE kina kazi katika NTSC tu, na katika PAL hakibadilishi kitu.

Monita nyingi huishia hapa. Ikiwa sasa picha ni nzuri, kali na tulivu, funga mwongozo huu. Usiifungue monita nzima eti uione ndani tu.

5. Zima, chomoa plagi, ifungue. Chomoa waya wa umeme kutoka kwenye monita yenyewe na uuweke mahali unapouona. Subiri robo saa. Iweke monita ya inchi 20 mezani kwa msaada wa mtu wa pili, kioo kikielekea kifuani mwa mbebaji, maana uzito karibu wote uko mbele. Toa skrubu za kifuniko na uzipange kwenye karatasi uliyochora umbo la kifuniko, kwa sababu urefu wake haulingani, na skrubu ndefu ikiingia palipokuwa pa fupi huweza kugusa bodi.

6. Toa chaji. Funga kibanio kimoja cha waya kwenye chuma cha bisibisi. Cha pili kifunge kwenye waya mtupu uliosukwa unaozunguka mgongo mweusi wa tyubu. Usikifunge mahali popote kwenye bodi, kwa sababu chaji ikipita huko huweza kuua vijenzi vidogo. Weka mkono mmoja nyuma ya mgongo wako, na kwa mkono mwingine ingiza ncha ya bisibisi taratibu chini ya kofia ya mpira ya anodi hadi iguse chuma kilicho ndani. Huenda ukasikia mlio mdogo, huenda usisikie chochote, kwa kuwa katika monita nyingi flaibeki (transfoma inayotengeneza volti kubwa ya anodi) ina rezista inayoishusha chaji yenyewe. Kutosikia mlio si sababu ya kuiruka hatua hii. Rudia baada ya dakika kumi, kwani kioo hurudisha chaji kidogo chenyewe.

Kisha nenda kwenye kapasita kuu ya bodi ya umeme. Pima volti zake. Ikiwa ni zaidi ya 10, shikiza rezista ya ohm 2,200 kwenye miguu yake kwa sekunde kadhaa, upime tena. Usiipige shoti kwa bisibisi kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Cheche hiyo huunguza njia za bodi na kuidhoofisha kapasita.

7. Safisha. Pwani ya bahari vumbi huchanganyika na chumvi, na mchanganyiko huo ukipata unyevu hupitisha umeme. Ndiyo maana monita iliyokaa Tanga au Mombasa huweza kutoa mlio wa kupasukapasuka na harufu kali karibu na anodi wakati wa masika. Puliza vumbi kwa blowa ukiwa nje ya nyumba, ukisaidia kwa brashi laini. Futa eneo linalozunguka kofia ya anodi kwa isopropili, liache likauke kabisa, kisha paka utando mwembamba wa mafuta ya silikoni chini ya ukingo wa kofia. Usikwangue rangi nyeusi ya mgongo wa tyubu, kwani ni sehemu ya saketi. Kioo cha mbele kifute kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo na kukamuliwa. Dawa za vioo zenye amonia huharibu utando wa kuzuia mng'aro.

8. Tazama kabla ya kupima. Chukua taa kali na kioo cha kukuza, kagua upande wa lehemu wa bodi. Tafuta duara jembamba jeusi linalozunguka mguu wa kijenzi: hiyo ni lehemu iliyopasuka kwa kupata joto na kupoa kwa miaka mingi. Mahali pa kuanzia ni miguu ya flaibeki, transista ya mlalo (inayoendesha miale kushoto na kulia), saketi jumuishi ya wima (IC inayoiendesha juu na chini), plagi za yoki (koili za shingoni zinazoelekeza miale) na soketi ya shingo. Nyonya lehemu ya zamani yote kisha ulehemu upya kwa joto la nyuzi kama 350 za Selsiasi, maana kuongeza mpya juu ya iliyopasuka kutakurudisha hapo baada ya miezi michache. Tazama pia kapasita zilizovimba, zilizovuja kimiminika cha kahawia, au zilizoacha lehemu yenye rangi ya kijivu iliyofifia kwenye miguu yake.

9. Pima bodi ikiwa haina umeme. Anza na fyuzi. Ikiwa imeungua na kioo chake kimekuwa cheusi, kuna shoti mahali, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuuhamishia moto kwenye bodi. Kisha pima transista ya mlalo kati ya miguu yake ya kolekta na emita. Aina nyingi zina dayodi ndani yake, hivyo upande mmoja utasoma kama dayodi na upande wa pili utakuwa wazi. Ukisoma karibu sifuri pande zote mbili, imekufa. Usishtuke ukikuta ohm chache kati ya besi na emita, ndivyo zilivyoundwa. Na transista iliyokufa haifi bila sababu: kabla ya kuweka mpya, hakiki lehemu za transfoma inayoiendesha na uzima wa flaibeki.

10. Badilisha kapasita zilizothibitika mbovu, na za jirani zake. Hapa ndipo wengi huharibu. Mimi hubadilisha kwa makundi, kundi moja kwa siku: kwanza bodi ya umeme, kisha saketi ya wima, kisha bodi ya shingo, na baada ya kila kundi huijaribu monita. Kosa jipya likitokea, najua limezaliwa wapi. Weka kapasita yenye farad zile zile, volti sawa au zaidi, na joto la nyuzi 105. Nichicon, Rubycon, Panasonic na Nippon Chemi-Con ni chaguo zuri ukinunua kwa muuzaji unayemwamini, kwa kuwa za bandia ni nyingi madukani na huonekana nzuri hadi zipimwe.

Kuna makosa matatu ya kuepuka katika hatua hii. La kwanza ni kuamini alama ya bodi bila kulinganisha na picha uliyopiga, kwani bodi nyingine huonyesha chanya na nyingine hasi. La pili ni kuweka kapasita ya kawaida mahali pa ile iliyoandikwa NP au BP, ambayo haina chanya wala hasi. La tatu, na ndilo la hatari kuliko yote, ni kugusa kapasita za filamu zilizo karibu na transista ya mlalo kwa kuweka kipimo kinachokaribiana. Kapasita hizo ndizo zinazopanga volti ya anodi. Ukipunguza kipimo chake, volti hiyo hupanda, na tyubu inayozidishiwa volti hutoa miale ya X. Weka kile kile, aina ile ile, au usiiguse. Vivyo hivyo kwa kijenzi chochote ambacho mwongozo wa ufundi umekiwekea pembetatu yenye alama ya mshangao.

11. Iwashe kwa mara ya kwanza kupitia taa. Chomoa plagi ya koili ya kuondoa usumaku, kwa sababu hunyonya mkondo mkubwa wakati wa kuwaka na itakudanganya. Chomeka monita kwenye soketi yenye taa ya wati 100 katika mfuatano. Taa ikiwaka sana kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima. Shoti bado ipo. Baadhi ya bodi za umeme hukataa kuwaka kupitia taa ndogo ingawa ni nzima, na hapo taa ya wati 200 husaidia.

Taa ikififia, chomoa, toa chaji, iondoe taa na urudishe plagi ya koili, kisha upime volti kuu ya saketi ya mlalo mahali mwongozo wa ufundi unapoelekeza. Chagua ardhi sahihi: upande wa umeme wa ukutani una ardhi yake, na upande wa picha una yake, nazo hazijaunganishwa. Ukitumia osiloskopu, usifunge ardhi yake upande wa ukutani bila transfoma ya kutenga. Na usiguse kamwe kolekta ya transista ya mlalo kwa multimita monita ikiwa inawaka, kwani mapigo ya hapo hufika karibu volti 1,000 na huunguza kipimo.

12. Rekebisha picha, ukianza na kuandika. Kabla ya kubadilisha namba yoyote katika menyu ya ufundi, pigia picha kila ukurasa. Nilipoanza kazi hii nilipuuza jambo hilo mara moja tu, na nilitumia siku tatu kurudisha umbo la picha ambalo mwanzoni halikuwa na kasoro kubwa.

Bonyeza UNDERSCAN ili uone kingo zote, weka gridi, kisha panga ukubwa, katikati na unyoofu wa mistari. Fokasi (ukali wa picha) na G2 (volti ya skrini inayopanga mwangaza wa msingi) kwa kawaida ziko kwenye flaibeki: zungusha kwa bisibisi ya plastiki. G2 ikizidi, utaona mistari myeupe ya mshazari katika picha nyeusi. Ishushe hadi ipotee, si zaidi. Rangi nyeupe hupangwa kwa kipimo cha rangi, ukianzia na kijivu chenye giza kwa marekebisho ya BIAS, halafu cheupe kwa GAIN, na kurudia mpaka vyote viwili vifike x 0.313 na y 0.329, yaani nyeupe sanifu ya video. Macho peke yake hayatoshi, kwa kuwa huzoea kosa baada ya dakika chache.

13. Pete za sumaku za shingoni ziache za mwisho. Ikiwa mistari myeupe ya gridi imegawanyika katika rangi tatu katikati ya kioo, hapo ndipo pete huhusika. Zichore alama ya rangi ya kucha mahali zilipo kabla ya kuzisogeza hata milimita moja. Ikiwa katikati ni sawa na ni pembe pekee zilizogawanyika, usiguse pete wala kabari za mpira za yoki. Mgawanyiko mdogo wa pembeni ulikuwapo tangu kiwandani.

Ikiwa bado kuna tatizo

Mstari mmoja mweupe wa mlalo katikati ya kioo giza: saketi ya wima imekufa au haipati umeme. Shusha mwangaza mara moja, kwa sababu mstari huo huiunguza fosfa (utando unaong'aa) ya kioo na alama haitoki. Hakiki lehemu za saketi jumuishi ya wima, kisha rezista ndogo inayoilisha, ambayo imeundwa ikatike kama fyuzi.

Monita huwaka na kuzima baada ya sekunde moja au mbili: kinga imefanya kazi yake. Usiikate kinga hiyo ili picha ionekane. Tafuta volti iliyozidi au shoti upande wa mlalo.

Rangi moja haipo: badilishana waya wa nyekundu na wa kijani. Kasoro ikihama pamoja na waya, chanzo chako kina kosa. Ikibaki palepale, nenda kwenye bodi ya shingo, ambayo Sony huiandika kwa herufi C, na ulinganishe volti za kathodi tatu, moja kwa kila rangi. Kathodi yenye volti za juu sana kuliko wenzake ndiyo iliyozimika, na yenye volti za chini sana ndiyo inayofurika rangi na kujaza kioo mistari.

Picha hupungua upana ikipata joto, au hupumua (hupanuka na kusinyaa) pale nyeupe inapoongezeka: rudi kwenye kapasita za bodi ya umeme na upime tena volti kuu.

Picha huchukua dakika nyingi kung'aa, nyeupe zake huvimba na kupoteza ukali, na rangi moja imechoka kuliko nyingine ingawa volti zote ni sahihi: tyubu imezeeka. Iache ifanye kazi kwa mwangaza wa chini. Itakutumikia muda mrefu zaidi hivyo kuliko ukiichoma kwa kifaa cha kufufulia kathodi, ambacho mara nyingi hutoa miezi michache ya ung'avu na kuondoka na kilichobaki. Na ukitazama shingoni ukakuta lile doa linalong'aa kama fedha limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia. Toa bodi, flaibeki na yoki, uziwekee alama ya modeli zilikotoka, na uzihifadhi mahali pakavu kwa ajili ya monita nyingine.